Mwasho wa Mwezi wa Nane

Mwasho ulimwanzia Sindano nyayoni, usiku mmoja mimba yake ikiwa imeingia mwezi wa nane, na kabla wiki haijaisha ulikuwa umeshafika viganjani. Haukuwa mwasho wa mbu wala wa joto. Ngozi yenyewe ilikuwa safi, haina kipele, haina wekundu, haina hata alama ya kusingizia. Lakini taa ikizimwa tu, kitu kilianza kutembea chini ya ngozi hiyo, chenye miguu mingi, mahali ambapo kucha hazifiki.

Jina la Sindano alipewa na wateja wake, kwa sababu alikuwa fundi cherehani. Mumewe alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari yaliyogongwa, na mtaa mzima ulimwita Nyundo. Walipooana, mcheshi mmoja pale uani alisema hiyo ni ndoa ya vyuma viwili, kimoja hugonga na kingine hutoboa, na atakayekaa katikati ajihadhari. Watu walicheka. Wao wenyewe walicheka kuliko wote.

Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Tumbo la Sindano lilikuwa limeshamzuia kuzipata nyayo zake, kwa hiyo alizisugua: kwanza kwenye ukingo wa kitanda, kisha kwenye sakafu ya saruji. Usiku wa tisa aliufungua mfuko wa kazi wa mumewe akatoa brashi ya waya. Aliilaza sakafuni, waya zikitazama juu, akapitisha unyayo. Raha iliyompata ilikuwa kubwa hata akafumba macho. Akapitisha tena, na tena. Alipoyafumbua, sakafu ilikuwa na damu na mumewe alikuwa amesimama mbele yake, anammulika kwa simu.

"Unafanya nini?"

"Najikuna."

"Kwa brashi yangu? Hiyo ni ya kukwangulia kutu."

"Laiti ningekuwa na kutu," alisema Sindano. "Ningekuwa nimeshapona."

Nyundo hakucheka. Aliiokota brashi, akaifuta kwa shati la kazi, akarudi kitandani na kugeukia ukutani. Ilibaki saa moja na nusu kabla hajaamka kwenda gereji, na wote wawili waliihesabu wakiwa macho.

Jumamosi alilitoa godoro nje mwenyewe. Alilipiga kwa ubao, akamwaga maji ya moto kwenye viungo vya kitanda, akapuliza dawa ya wadudu hata paka wa jirani akahama. Hakutoka kunguni hata mmoja. Nyumba ile ilikuwa na vyumba sita vinavyotazamana, choo kimoja na bomba moja, na godoro likianikwa mchana kweupe kila jicho hupata la kusema.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema jirani wa chumba cha mwisho, muuza mboga, huku akianua nguo zake kutoka kwenye kamba aliyokuwa akichangia na Sindano. "Mimi sisemi kitu, shoga. Nguo zangu zimekauka tu."

Zilikuwa zinachuruzika maji.

Jumatatu Sindano alikwenda zahanati. Tabibu hakumwambia avue viatu, wala hakufunga mlango.

"Mimba ya miezi mingapi?"

"Wa nane huu."

"Basi ndiyo hiyo. Mtoto anakua, ngozi inavutika, inawasha. Paka losheni."

"Nyayoni pia inavutika?"

Tabibu aliweka kalamu chini. "Mama, daktari ni wewe au mimi?"

Waliokuwa kwenye benchi nje walicheka, kicheko cha watu waliosubiri tangu asubuhi na kupata cha kuwachangamsha. Sindano alikuwa na neno jingine la kusema, kwamba siku hizi mkojo wake umekuwa mweusimweusi kama chai ya rangi. Lakini alisikia kile kicheko mgongoni mwake, na neno lile akaondoka nalo. Losheni ilikwisha kwa siku tatu. Mwasho haukupungua.

Habari za mtaani hazihitaji miguu. Mama mmoja aliyekuwa ameleta kitambaa cha sare za watoto wake watatu alikuja kukichukua kabla hakijakatwa. Alikishika kwa vidole viwili, kwenye pembe.

"Si kwa ubaya, fundi. Ni kwa ajili ya watoto tu. Watoto hawakawii kuambukizwa."

"Sina upele, dada. Tazama mwenyewe."

Sindano alikunja mikono ya gauni. Yule mama aliiona ngozi safi, akaiona na mistari mirefu ya kucha, akarudi nyuma hatua moja. "Pole sana," alisema, na kitambaa akakibeba mbali na mwili wake hadi alipopotea kwenye kona. Sindano aliketi mbele ya cherehani na kukanyaga pedali bila kushona kitu, kwa sababu chuma cha pedali kilikuwa na matuta, na matuta yale yaliukuna unyayo.

*

Wanaolala kitanda kimoja hukesha pamoja. Wiki nne Nyundo hakupata usingizi wa saa mbili mfululizo. Gereji alianza kubonyeza badala ya kunyoosha, akarudishiwa mlango wa gari mara mbili kama mwanafunzi anayerudishiwa daftari. Jumatano moja alikuwa akinyoosha madigadi, mkono wa kushoto umeshika kipande cha chuma kwa nyuma, wa kulia unagonga. Macho yakafumba kidogo tu. Nyundo ya kilo mbili ikashuka kwenye vidole viwili vya mkono wake mwenyewe.

Mwenye gereji alimfunga kwa kitambaa cha kufutia mafuta, akamtuma hospitali, na kabla jua halijatua alikuwa ameshamweka fundi mwingine kwenye madigadi ile ile.

Alirudi nyumbani na plasta hadi kwenye kifundo cha mkono. Sindano alimvua viatu, akamwekea maji ya kunawa.

"Pole, mume wangu."

"Pole ya nini? Umefanikiwa."

"Nimefanikiwa nini?"

"Nikuulize mara moja tu. Huu ugonjwa umepewa na nani?"

Sindano alibaki ameinama, beseni mkononi. "Sina ugonjwa wa kupewa."

"Mwenye gereji anasema yuko mwanamke alianza hivi hivi. Usiku anawashwa, mchana ni mzima. Baadaye ikagundulika."

"Ikagundulika nini?"

"Unajua mwenyewe."

"Mimi nashinda hapa na wanawake na watoto wao. Ningepewa na nani, na cherehani?"

Huo ulikuwa mzaha, ulimtoka kwa mazoea tu. Kofi lilimkuta mdomo haujafunga. Lilikuwa la mkono wa kulia, mkono wa kazi, na lilimbwaga hadi kwenye meza ya cherehani, beseni likavingirika hadi mlangoni. Nyundo hakuwa amewahi kumpiga. Walitazamana kama watu waliosikia kitu kikivunjika chumba cha pili na hakuna anayetaka kwenda kutazama. Kisha akampiga tena, na la pili lilikuja kirahisi zaidi. Wote wawili waliliona hilo.

Tangu hapo kujikuna kukawa ni kupigwa. Sindano alijifunza kujikuna kimya, kwa vifundo vya vidole, ndani ya shuka, huku ameuma mto. Lakini mwasho haukujua kunyamaza. Usiku wa pili alitoka kwenda kukaa bombani na miguu ndani ya ndoo ya maji, na Nyundo akamfuata, akamrudisha ndani kwa nywele, kwa sababu majirani wangeona. Usiku wa tatu lilikuwa teke la paja. Usiku wa nne ulikuwa mkanda, upande wa chuma, na jino moja la pembeni likalegea. Pale uani hakuna aliyegonga mlango. Redio ya chumba cha tatu iliongezwa sauti, basi.

Mchana Nyundo alikuwa mtu mwingine. Alikaa kizingitini na mkono wake wa plasta, akamenya vitunguu kwa meno na mkono mmoja, akamwambia mkewe apumzike. "Nikilala nitakuwa sawa," alisema. "Nahitaji kulala tu. Mtu asiyelala si mtu." Sindano aliitikia. Macho yake mwenyewe yalikuwa yameingia ndani kama vishimo vya vifungo, na weupe wake ulikuwa umeanza kupiga manjano. Chumba kile hakikuwa na kioo kikubwa, wala hakuna aliyemtazama machoni.

*

Siku ya sita Nyundo alimpigia mama yake simu.

Mama mkwe alifika kesho yake na kikapu kimoja. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana, aliyelea watoto sita na kuzika mume. Alimtuma mwanawe dukani, akafunga mlango, akamvua Sindano gauni kwenye mwanga wa dirisha. Akaanza kumsoma mwili kama mtu anayesoma barua.

"Hapa umejikuna," alisema, kidole kikifuata mistari ya kucha. Kidole kikafika kwenye doa jeusi la pajani. "Na hapa?"

"Hapo sikujikuna, mama."

Mama mkwe alikiondoa kidole.

"Mimi pia nilipigwa," alisema. "Nikazaa sita. Mwanamume asiyelala ni kama mbwa aliyefungwa, mwanangu, anamng'ata hata anayemletea chakula. Tukuzuie kwanza usijikune. Ukitulia, yeye atalala. Akilala, ngumi zitaisha zenyewe."

"Nitatulia vipi?"

"Mtoto akiugua tetekuwanga hufungwa mikono usiku. Huo si ukatili. Watoto wangu wote niliwafunga, na hakuna hata mmoja mwenye kovu."

Sindano alikuwa amefika mahali ambapo mtu hukubali lolote linalosemwa kwa sauti ya uhakika. Alifungua sanduku la vipande vya nguo, akachagua vya pamba, laini, akavipasua mwenyewe na kumpa mama mkwe.

"Nifunge, mama."

Walimfunga kwenye chuma cha kitanda, mkono huu na huu. Nyundo alilala chini kwenye mkeka, mama yake kwenye kiti karibu na cherehani. Taa ikazimwa.

Saa ya kwanza Sindano aliweza. Alihesabu mishono ya shati, kola hadi pindo, akarudia. Kisha mwasho ukaja, ukijua kwamba safari hii hakuna kucha za kuupinga. Ulianza viganjani, ukapanda mikononi, ukaenea tumboni, mgongoni, ndani ya masikio, hata akaona kama ngozi yote imevaliwa ndani nje.

"Mama. Nifungue."

"Vumilia, mwanangu."

"Nifungue dakika moja tu. Nijikune, halafu unifunge tena."

"Vumilia. Kunakaribia kucha."

Hata saa sita ya usiku ilikuwa haijafika. Sindano alianza kusugua visigino kwenye ukingo wa chuma, taratibu, kisha kwa nguvu, hadi kitanda kikawa kinagonga ukuta. Ngozi ya kisigino ilifunguka na hakujali. Sauti ikamtoka, ndefu, ambayo hakuijua kuwa ni yake.

Nyundo aliwasha taa. "Mfunge na miguu."

"Mwanangu, ana mimba huyu."

"Nimesema mfunge na miguu."

Mama mkwe alimfunga miguu. Mafundo yakawa ya ovyo. Nyundo alikaa kitandani, akamziba Sindano mdomo kwa kiganja, na Sindano akakiuma kiganja kile mpaka meno yakakutana na mfupa. Hapo ndipo alipompiga ngumi ya uso. Ya pili ilipasua nyusi. Alikuwa akisema kitu kila anapopiga, neno moja hilo hilo, "lala, lala," kama anayebembeleza mtoto. Kisha akapanda goti moja kitandani, ngumi ya tatu ikashuka ubavuni, upande wa tumbo.

Mama yake aliudaka mkono ulipoinuka tena. "Hapo pana mtoto."

Nyundo alimsukuma. Hakumtazama hata kumtazama, alimsukuma kama mtu anayefungua mlango, na yule mama akaenda kujigonga ukutani na kuanguka chini ya meza ya cherehani. Ndipo Nyundo alipogeuka kuona amefanya nini. Muda huo mfupi ulitosha. Mama mkwe aliinuka akiwa ameshika mkasi wa kukatia nguo, mkubwa, mzito. Alipita kando ya mwanawe, akakata kitambaa cha mguu mmoja, cha pili, cha mkono, na cha mkono wa mwisho.

"Inuka, mwanangu. Twende."

Nyundo aliwahi mlangoni, akauegemea. "Hakuna anayetoka. Mnataka mtaa wote ujue?"

"Mtaa unajua," alisema mama yake.

Sindano alimpokonya mama mkwe mkasi. Damu ya nyusi ilikuwa imemziba jicho moja. "Toka mlangoni."

"Utafanya nini? Utanishona?"

Nyundo alinyoosha mkono kuzishika nywele zake, na Sindano akamkata. Mkasi uliozoea kupasua kitambaa kizito ulipita kwenye mkono ule kuanzia karibu na kiwiko hadi juu ya kifundo, kwa mstari ulionyooka. Nyundo aliutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Akaketi sakafuni, na wale wanawake wawili wakairuka miguu yake wakatoka.

Uani milango yote ilikuwa imefunguka kidogo, kiasi cha jicho. Sindano alipiga hatua nne, akashindwa. Nyayo zilikuwa nyama tupu. Wa kwanza kutoka alikuwa jirani wa chumba cha mwisho, yule wa nguo mbichi. Alitoa mkokoteni wake wa mboga, akatandika magunia, akamsaidia kupanda. Akamwita mwenye redio aje amfunge Nyundo mkono, kisha akashika mpini.

Walikuwa wameshafika barabara kubwa ndipo alipofungua mdomo. "Nilikuwa nasikia," alisema. "Kila usiku nilikuwa nasikia."

Akaendelea kusukuma.

*

Mkunga wa zamu alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso. Hakuuliza ya uso kwanza. Aliweka chombo chake tumboni, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena kwa muda mrefu.

"Mtoto amecheza lini mara ya mwisho?"

"Jana mchana. Kidogo."

"Tazama juu." Alivuta ngozi chini ya jicho lake zima. "Mkojo una rangi gani?"

"Kama chai ya rangi. Wiki ya tatu hii."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Mkunga alivua glavu. "Unawashwa. Zaidi usiku. Viganja na nyayo kwanza, na ngozi haina kitu."

Sindano alimtazama mwanamke yule ambaye hakuwa ameambiwa lolote, na baada ya kukaa mwezi mzima bila kulia mbele ya mtu, alianza kulia.

"Ni nyongo," alisema mkunga. "Wanawake wengine ini huwashinda mimba ikiwa kubwa. Nyongo haishuki inakotakiwa, inarudi kwenye damu, na damu inazunguka nayo mwili mzima. Ndiyo inayowasha. Hujamwambukiza mtu na hujaambukizwa na mtu. Damu tutaipima, lakini macho yako yameshanieleza." Alimgeukia mama mkwe. "Na nyongo hiyo humzima mtoto ndani bila kupiga hodi. Huyu hangoji tarehe yake. Tunamwanzishia uchungu sasa hivi."

Alipokuwa akimwekea sindano ya mkononi aliona alama za vitambaa, nyekundu, zimezunguka kifundo cha mkono. Aliutazama mkono wa pili. Akaitazama miguu.

"Nani alimfunga?"

Mama mkwe alitazama sakafu. Sakafu ilikuwa na vigae vyeupe na vya kijivu, akaanza kuvihesabu.

"Niliomba mwenyewe," alisema Sindano.

"Na ngumi uliziomba?"

Mkunga aliandika kitu kwenye karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni.

Uchungu ulichukua saa kumi na nane. Katikati ya maumivu mwasho haukumwacha, ikawa tumbo linamvuta huku na nyayo zinamvuta kule. Mama mkwe alisimama miguuni pa kitanda muda wote huo, analoweka kitambaa kwenye maji ya baridi, anakamua, anapitisha nyayoni, analoweka tena. Walimwambia akapumzike, akakataa. Walimletea kiti, akaweka kikapu chake juu yake. Kila kitambaa kilipochelewa Sindano aliutikisa mguu, na kitambaa kikarudi.

Mtoto alitoka na maji ya kijani, msichana mdogo, kimya. Mkunga alimfuta, akamnyonya kamasi kwa mrija, akampulizia pumzi kwa mpira usoni, mara moja, mara mbili, akihesabu kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayehesabu mayai. Alipofika kumi na saba mtoto alitoa sauti nyembamba, ya kulalamika, kama ameamshwa kabla ya wakati.

Usiku wa tatu baada ya hapo Sindano alishtuka wodini na kuona dirisha limekuwa jeupe. Alidhani kuna jambo baya limetokea. Alikaa kitandani akasikiliza, akamgusa mtoto, mtoto anapumua. Ilimchukua muda kutambua kwamba alikuwa amelala tangu jioni, na kwamba mikono yake ilikuwa imetulia juu ya shuka.

*

Nyundo alikuja siku ya tano, saa ya kutazama wagonjwa. Mkono mmoja ulikuwa na plasta na mwingine nyuzi kumi na nne, kwa hiyo mfuko wa machungwa alioleta alikuwa ameutundika shingoni. Mama yake alikuwa amemshika mtoto. Kwenye kitanda cha jirani, kilichokuwa wazi, alikaa askari polisi wa kike, amejifunika khanga juu ya sare, daftari gotini. Alikuwa amefika nusu saa kabla, kwa ile karatasi ya mkunga.

Nyundo hakumjali. Alidhani ni mgeni wa mtu.

"Wamenieleza pale mapokezi," alimwambia Sindano, na uso wake ulikuwa na nafuu ya kweli. "Kumbe ni nyongo tu. Kumbe hukuwa na mtu."

"Sikuwa na mtu."

"Basi yameisha, mke wangu. Ugonjwa hauna adabu. Ungejua nilivyoteseka mimi, mwezi mzima sijalala."

"Mimi pia sikuwa nimelala," alisema Sindano.

Nyundo alitazama mikono yake yote miwili. "Lakini na wewe umenikata."

"Nilikukata ulipoziba mlango. Kila usiku kabla ya hapo ulikuwa umelala karibu yangu, na mkasi uko mezani."

Mkunga alipita na dawa za kuondokea. Alimweleza Sindano kwamba akishika mimba nyingine mwasho unaweza kurudi, na siku utakaporudi asingoje, aje siku hiyo hiyo. Nyundo alitikisa kichwa kwa bidii.

"Ijayo tutajua mapema," alisema.

"Mimi nitajua," alisema Sindano. "Wewe hutakuwepo."

Alisema taratibu, bila hasira, kama anavyomwambia mteja kwamba kitambaa hakitoshi. Alikuwa ameshaongea na yule jirani wa mboga. Chumba kilikuwa kimepatikana mtaa wa pili, na cherehani ilikuwa imeshahamishwa asubuhi ile kwenye mkokoteni, Nyundo akiwa kliniki ya vidonda.

Nyundo alimgeukia mama yake. "Mama, mwambie."

Mama mkwe alimlaza mtoto mikononi mwa Sindano. Aliifunga shingo ya blanketi vizuri, akasimama, akanyoosha gauni.

Askari aliishusha khanga, akafungua daftari. "Mama, nilikuwa naeleza kwamba maelezo ya mgonjwa peke yake hayatoshi sana. Tungepata shahidi."

Ndipo Nyundo alipoiona sare. Alicheka kidogo, kwa pua. "Shahidi yupi? Mlango ulikuwa umefungwa."

"Nilikuwa ndani," alisema mama yake.

"Mama."

"Nilikuwa ndani, mwanangu."

Alikwenda akaketi mbele ya askari, magoti yamegusana, mikono mapajani. Nyundo alibaki amesimama, machungwa shingoni, hana mkono wa kuyatua.

"Jina andika baadaye," mama mkwe alimwambia askari. "Nianzie wapi?"

"Anzia unapotaka, mama. Ulichoona, na kilichofanyika."

Mama mkwe alimtazama Sindano, na safari hii hakuyaondoa macho.

"Basi naanza na mimi," alisema. "Andika kwamba niliyemfunga mikono ni mimi."